E350 ya 2005 na 530i ya 2006: farasi 14 wasikudanganye

SWALI: Shikamoo fundi. Natafuta gari la kifahari lililotumika, na baada ya kuchambua nimebakiwa na mawili. Moja ni Mercedes-Benz E350 ya 2005, jingine ni BMW 530i ya 2006. Yote ni ya petroli na gia otomatiki, na odometa zote zinasoma kilomita 140,000 na ushei. Bei zimepishana kidogo sana. Nilivyosoma, Benz ina nguvu zaidi, farasi 272 kwa 258, lakini rafiki yangu anashikilia kwamba BMW ndiyo inayokimbia. Nani yuko sahihi, na ninunue lipi? Safari zangu ni ndefu, na familia na mizigo.

JIBU: Marahaba. Wewe na rafiki yako mko sahihi wote wawili, nitaeleza kwa nini. Ila kuhusu kununua nikujibu kabla hatujaenda mbali: kwa miaka hiyo uliyoitaja, chukua BMW. Benz ichukue kwa masharti, na sharti kubwa kuliko yote linahusu gia moja iliyofichwa katikati ya injini yake. Ungeniambia E350 ya 2008, huenda jibu lingegeuka.

Tuanze na hizo takwimu, maana ndizo zilizozua ubishi.

Injini ya E350 inaitwa M272. Ni V6 ya lita 3.5, inatoa farasi 272 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 350. Toki hiyo inafika kileleni mapema, kwenye mizunguko 2,400, na inabaki palepale mpaka 5,000. Injini ya 530i ya 2006 inaitwa N52. Hii ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 3.0, farasi 258 kwenye mizunguko 6,600, toki Nm 300 kuanzia mizunguko 2,500 hadi 4,000. Ukiishia hapo utasema Benz imeshinda kila mahali. Lakini kwa takwimu za viwanda vyenyewe, E350 hutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 6.9, na 530i otomatiki hutumia sekunde sita na nusu hivi. Mwenye farasi wachache ndiye anayetangulia.

Sababu ya kwanza ni uzito. BMW ya umbo hili, E60, sehemu yake yote ya mbele kuanzia ukuta wa injini imejengwa kwa alumini, na bloku ya N52 yenyewe ni mchanganyiko wa magnesiamu na alumini. Gari linapungua makumi ya kilo, tena upande wa mbele ambako uzito huwa unasumbua zaidi kwenye kona. Sababu ya pili ni tabia ya injini. N52 inapenda kuzungushwa; ukiikanyaga inapanda mpaka karibu na 7,000 bila kulalamika. M272 kazi yake kubwa inaifanya chini na katikati. Kwa hiyo rafiki yako akishindana na mtu kwenye taa atasema BMW inakimbia, na hadanganyi. Wewe ukiwa na watu watano na buti limejaa, unapanda mlima mrefu na kuna lori mbele unalotaka kulipita, utaona Benz inavuta bila kushusha gia mara mbili. Kwa kuvuta mzigo Benz ni bora, hilo silipingi. Kasi ya mwisho usiijadili kabisa, zote zinacheza karibu na 250 na hakuna safari ya familia itakayofika huko.

Mengine ya kwenye karatasi yanakaribiana. Buti la E-Class linameza lita 540, la BMW 520. Tangi la E350 ni lita 80, la 530i ni 70, ila BMW inakunywa kidogo pungufu, kwa hiyo ukijaza tangi umbali unaofika haupishani sana. Benz ina gia saba, BMW sita za kampuni ya ZF. Kwa utulivu wa kiti cha nyuma naipa Benz. Kwa usukani naipa BMW, na sidhani kama kuna anayebisha.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Kwenye magari yenye umri huu jina lililobandikwa nyuma ya buti linakueleza kidogo mno. Chukua hiyo "530i". Katika umbo moja la E60, lililotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2010, jina hilo lilibeba injini tatu tofauti. Za mwanzo zilikuwa na M54 ya farasi 231. Mwaka 2005 ikaingia N52 ya farasi 258. Mwaka 2007, gari lilipofanyiwa marekebisho ya sura, masoko mengi yakapewa N53 ya farasi 272, yenye noseli zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Hiyo ya mwisho inataka petroli yenye salfa kidogo sana, na ndiyo maana masoko kadhaa hayakupelekewa, yakaachiwa N52 iliyoongezwa nguvu. Kwa mtu anayenunua gari lililotumika, N52 ndiyo ya kutafuta: haina noseli za bei mbaya, haina pampu ya petroli ya presha kubwa, haina sensa ya oksidi za nitrojeni ya kukuumiza kichwa. Yako ya 2006 inapaswa kuwa N52. Hakikisha kwa namba ya chesisi, na ukitaka kupima kwa macho fungua boneti utafute kijiti cha kupimia oili. M54 inacho. N52 kwenye gari hili haina. Kiwango cha oili kinasomwa kwa sensa na kuonyeshwa kwenye dashibodi. Ukikikuta kijiti, hilo si gari unaloelezwa.

Kwa Benz hali ni ya hatari zaidi, kwa sababu jina la injini ni lilelile M272 tangu mwanzo hadi mwisho, farasi ni walewale 272, na kwa nje huwezi kutofautisha nzuri na mbaya.

V6 ya Mercedes-Benz imepanuliwa kwa nyuzi 90, na V6 ya pembe hiyo kwa maumbile yake inatikisika. Ili kuituliza wahandisi waliweka shafti ya mizani katikati ya V, inayozunguka kinyume na krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Shafti hiyo ina gia mbele yake inayoendeshwa na mnyororo wa taimingi, mnyororo uleule unaozungusha kamshafti, zile shafti zinazofungua valvu. Kwenye injini za mwanzo chuma cha gia ile kilikuwa laini. Meno yanalika. Yakilika, mnyororo unakaa vingine, na kamshafti za upande mmoja zinaachwa nyuma na krenki. Kompyuta inaona tofauti hiyo na kuwasha taa ya injini. Kwenye mashine ya Mercedes-Benz utasoma kodi ya hitilafu 1200 au 1208. Kwenye vifaa vya kawaida mara nyingi huja kama P0016 au P0017.

Gia yenyewe ni kipande unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja. Tatizo ni kwamba huwezi kuibadilisha peke yake, ni lazima shafti yote, na kuifikia shafti ni lazima injini ishuke kwenye gari na ifunguliwe mbele. Hesabu ya kazi hiyo peke yake inaweza kukufanya usahau bei uliyoipunguziwa. Halafu muuzaji mjanja anaweza kufuta kodi asubuhi, wewe ukaja saa nne ukalikuta gari linanguruma vizuri tu, maana katika hatua za mwanzo ugonjwa huu haupigi kelele wala haumtikisi aliyekaa ndani.

Mercedes-Benz walibadilisha chuma cha gia, na mpaka unajulikana. Namba ya injini inaanza na 272, ikifuatiwa na tarakimu tatu za aina ya gari, kisha 30, kisha tarakimu sita. Tarakimu hizo sita zikiwa chini ya 468993, injini hiyo ni ya kundi lenye gia laini. Zikiwa juu yake, umepona. E350 ya 2005 iko chini ya mpaka huo, labda iwe imewahi kubadilishwa injini. Usiitafute namba kwa tochi chini ya gari. Chukua namba ya chesisi, itolewe kadi ya data ya gari hilo, na namba ya injini iliyotoka nayo kiwandani itakuwa imeandikwa humo.

Kuwa chini ya mpaka hakumaanishi kwamba lazima imekufa. Zipo zilizotembea sana bila shida, hasa zilizobadilishwa oili kwa wakati. Ipo njia ya kupima bila kufungua injini. Fundi anazungusha krenki kwa spana taratibu mpaka alama ya nyuzi 305 kwenye puli ikutane na kielekezi chake. Kisha anatoa sensa za kamshafti mbele ya injini na kuchungulia kwenye matundu. Ndani ya kila tundu kuna alama kwenye gurudumu la kamshafti, na alama hiyo inatakiwa ionekane katikati ya tundu. Ikiwa za upande mmoja zimekaa katikati na za upande wa pili zimesogea pembeni, gia imelika, hata kama taa ya injini haijawaka. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa, umepata jibu bila kutumia spana.

BMW hawana ugonjwa huu kwa sababu rahisi sana: silinda sita za mstari mmoja zinajisawazisha zenyewe. Shafti ya mizani haihitajiki, haipo, haiwezi kuharibika.

Gari la 2005 lina jambo la pili, nalo ni breki. E-Class za umbo la W211 zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko ya katikati ya 2006 zina mfumo wa SBC, ambao unapokanyaga pedali hausukumi maji ya breki moja kwa moja. Unaituma kompyuta, nayo inafungua presha iliyohifadhiwa na pampu ya umeme. Mfumo huo ukiwa mzima unafanya kazi vizuri mno. Lakini mwaka 2004 na 2005 Mercedes-Benz waliita magari mengi warekebishe mfumo huo, na toleo jipya la 2006 wakaliwekea breki za kawaida, jambo ambalo kwangu linaeleza vya kutosha. Kitengo cha SBC kina kaunta ndani yake inayohesabu ilivyotumika, na ikifikia kikomo inawasha onyo jekundu na kutaka kitengo kibadilishwe chote, hata kama mtambo bado uko mzima. Mfumo ukishindwa kabisa unabaki na breki za mbele tu, na pedali inakuwa ngumu. Uliza kama kitengo kimewahi kubadilishwa na omba risiti. Fundi wako pia ajue hili: kubadilisha pedi kwenye gari hili bila kuizima SBC kwanza kwa mashine ni kuchezea vidole, kwa sababu mfumo unaweza kuamka wenyewe hata mtu akifungua mlango tu, na kalipa zikabana.

Hayo ndiyo masharti yangu. E350 ya 2005 inaweza kukuomba shafti ya mizani na kitengo cha SBC kwa pamoja, na vyote viwili ni vya bei ya kukusimamishia mipango mingine. Kuna madogo pia, vijiti vya plastiki vya vibao ndani ya manifoldi ya hewa huvunjika, na sumaku za kamshafti huvujisha oili ikapanda kwenye nyaya, ila hayo ni ya kuombea punguzo, si ya kukukimbiza.

Usidhani BMW ni malaika. Yake ni mengi, ila yanajulikana na yanafikika bila kushusha injini.

La kwanza ni pampu ya maji. N52 haina pampu ya mkanda. Inaendeshwa na umeme, na kompyuta inaamua izunguke kwa kasi gani. Ni wazo zuri kwa mafuta na nguvu. Ubaya ni kwamba ikifa inakufa ghafla. Haivuji siku mbili tatu ikakupa dalili, haipigi kelele za beringi. Unaendesha, onyo la joto linatokea, feni inavuma kama ndege inataka kuruka, gari linapunguza nguvu lenyewe. Ukisimama hapohapo umesalimika. Ukisema "nimalizie kilomita chache nifike", kichwa cha injini, ambacho ni cha alumini, kinapinda. Gari likiwa na kilomita 140,000 na hakuna risiti ya pampu, hesabu kwamba pampu na thamostati ni vya kubadilisha wiki ya kwanza, na bei ya vyote viwili uikate kwenye bei ya gari.

Unaweza kuisikiliza kabla hujanunua. Injini ikiwa baridi na imezimwa, washa swichi bila kupiga stata, weka hita kwenye joto la juu kabisa na feni kwenye kasi ya chini kabisa, kisha kanyaga ekseleta mpaka chini na uishikilie kwa sekunde kumi. Hiyo ndiyo amri ya kutoa hewa kwenye maji, na pampu itaanza kuzunguka yenyewe kwa takriban dakika 12. Fungua boneti usikilize upande wa kulia wa injini, chini. Mvumo laini unaopanda na kushuka ni mzuri. Mkwaruzo, au kimya, zungumza bei upya. Betri iwe na chaji ya kutosha, maana hizo ni dakika nyingi bila altaneta.

La pili ni oili kuvuja. Gasketi ya kava ya valvu, gasketi ya kikombe cha filta ya oili, na gasketi ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), kwa umri huu angalau mbili kati ya hizo zitakuwa zinatoa jasho. Si ugonjwa wa kuua. Lakini kumbuka ile bloku ya magnesiamu: boliti zake ni za alumini, na zikifunguliwa hazirudishwi, zinawekwa mpya. Fundi anayerudisha boliti za zamani anakuandalia kazi nyingine. Na kwa kuwa hakuna kijiti, mwambie muuzaji akuonyeshe kiwango cha oili kwenye dashibodi injini ikiwa imepata moto. Kama mwenye gari hajui hata anaonyeshaje, jua jinsi lilivyotunzwa.

La tatu wengi hulipita: ile alumini ya mbele. Imeunganishwa na chuma cha nyuma kwa gundi na ribiti, haikuchomelewa. Gari lililogongwa mbele likanyooshwa na fundi wa bodi wa kawaida halirudi kama lilivyokuwa. Fungua boneti ufuate viungo karibu na minara ya shokapu, kushoto na kulia. Ribiti ziwe zimefanana pande zote mbili, gundi iwe imetoka kiwandani, rangi isiwe na mpaka. Ukiona alama ya kuchomelea mahali pale, ondoka, hata kama injini inaimba.

Giaboksi zote mbili ziliuzwa na maneno kwamba oili yake ni ya maisha. ZF wenyewe, waliotengeneza hiyo ya BMW, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwenye BMW sampo ya gia ni ya plastiki na filta iko ndani yake, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Kwenye Benz kinachosumbua zaidi ni bamba la umeme lililo ndani ya gia, lenye sensa za mwendo. Likifa gari linang'ang'ania gia moja, na bamba jipya linahitaji kuandikishwa kwa mashine. Yajaribu yote mawili yakiwa ya baridi, kisha yakiwa ya moto baada ya nusu saa, na uangalie hasa gari linapopunguza mwendo kuelekea kusimama. Gia inayokupiga teke mgongoni ikishuka kutoka ya pili kwenda ya kwanza haitapona kwa maombi.

Odometa zote mbili kusoma 140,000 usizipe uzito mkubwa. Magari haya yanahifadhi kilomita kwenye moduli zaidi ya moja, na mashine nzuri inaweza kuzisoma na kuzilinganisha. Fanya hivyo kwa magari yote mawili siku ileile.

Kama mwenye Benz ataleta karatasi kwamba shafti ya mizani ilishabadilishwa na SBC ni mpya, basi kwa safari zako, mzigo wako na watu wako, mimi ningeichukua Benz hiyo bila kusita, na zile Nm 50 za ziada utazifurahia kila mlima. Bila karatasi hizo, nunua 530i, na kabla hujaipeleka familia popote weka pampu ya maji, thamostati na oili ya gia. Kagua pia matairi: E60 nyingi zilitoka na yale yanayotembea bila upepo, na buti halina tairi la akiba. Kama aliyekutangulia aliweka matairi ya kawaida kupunguza ugumu, na wengi hufanya hivyo, basi hakuna tairi la akiba wala la kujibeba. Nunua la akiba ulifunge vizuri kwenye buti, na hizo lita 520 uzihesabu pungufu.